Data Huria za Serikali kwa Utafiti wa Kilimo na Chakula: Mwongozo Kamili kwa Mtafiti wa Nairobi

Mtafiti wa kilimo anayeanzia kazi yake Nairobi ana bahati ambayo mara nyingi haioni. Ofisi nyingi zinazopima mvua, bei, mavuno na udongo wa nchi hii ziko umbali wa matatu moja au mbili kutoka alipo: Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, liko Upper Hill; Wizara ya Kilimo iko Kilimo House, Cathedral Road; Idara ya Hali ya Hewa iko Dagoretti Corner; shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, lina makao makuu Loresho; na kituo cha kikanda cha ramani, RCMRD, kiko Kasarani. Sehemu kubwa ya data za ofisi hizi hupatikana mtandaoni bila malipo. Hata hivyo, nimesoma tasnifu nyingi zilizojengwa juu ya jedwali moja lililopakuliwa kwa haraka, na mwandishi wake hakuwahi kuuliza ni nani aliyepima, alipima kwa kipimo gani, wala alipimia wapi. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayetaka kuuliza maswali hayo kabla hajaandika sentensi ya kwanza ya matokeo.

Ili maelezo yasielee hewani, nitafuata swali moja kuanzia mwanzo hadi mwisho: mvua inapopungua Nyandarua, kaunti ya nyanda za juu inayolima viazi, bei ya viazi Nairobi hupanda kwa kiasi gani, na baada ya muda gani? Nimechagua viazi kwa sababu. Aina ya Shangi, ambayo ndiyo imeenea zaidi mashambani, hukomaa kwa takriban miezi mitatu na huchipua upesi baada ya kuvunwa, kwa hiyo mkulima hana nafasi ya kuiweka ghalani akisubiri bei nzuri kama anavyoweza kufanya kwa mahindi. Kinachotoka shambani hufika sokoni karibu mara moja, na bei husema jambo.

Hatua ya kwanza: chora jedwali tupu

Kabla hujafungua tovuti yoyote, chukua karatasi na uchore jedwali ambalo ungependa kuwa nalo mwishoni. Kwa swali letu, kila mstari ni mwezi mmoja, na safu ni nne: mwezi wenyewe, bei ya kilo moja ya viazi Nairobi, milimita za mvua katika mashamba ya Nyandarua, na kipimo cha mfumuko wa bei. Chini ya kila safu andika kizio chake na kiwango cha eneo unachohitaji, yaani soko, wadi, kaunti au taifa.

Zoezi hili huchukua nusu saa na huokoa wiki kadhaa. Anayeanza kwa kupakua huishia na mafaili arobaini yasiyoungana, ilhali aliyechora jedwali hutambua mara moja kwamba takwimu za mwaka za taifa zima, hata ziwe nzuri namna gani, haziwezi kujibu swali la mwezi na la kaunti.

Hatua ya pili: fahamu msingi wa haki yako

Kuomba data serikalini hapa Kenya si kuomba hisani. Ibara ya 35 ya Katiba ya 2010 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari, Namba 31 ya 2016, inaeleza namna ya kuitumia haki hiyo. Mapema zaidi, tarehe 8 Julai 2011, Rais Mwai Kibaki alizindua tovuti ya taifa ya data huria, wakati Bitange Ndemo alipokuwa Katibu wa Kudumu katika Wizara ya Habari na Mawasiliano. Mnamo Juni 2017 mawaziri wa nchi mbalimbali walikutana hapa hapa Nairobi kuhusu data huria za kilimo na lishe, na kutoka kwenye mkutano huo likaja Azimio la Nairobi.

Tovuti ya pamoja ya taifa ichukuliwe kama mahali pa kujua ni data gani zimewahi kuwekwa wazi. Kwa toleo jipya, nenda moja kwa moja kwa ofisi iliyopima, kwa sababu hiyo ndiyo inayosahihisha makosa na kutoa maelezo ya mbinu zake.

Hatua ya tatu: bei za sokoni

Chanzo cha kwanza cha bei ni KAMIS, mfumo wa Wizara ya Kilimo wa taarifa za masoko, unaopatikana kwenye kamis.kilimo.go.ke. Hapo utachagua zao, soko, kaunti na tarehe, kisha utapata bei ya jumla na bei ya rejareja, na unaweza kuzipakua kama faili la Excel. Kwa Nairobi, soko la Wakulima, ambalo wengi tunaliita Marikiti, ndilo la kuangalia kwanza katika swali la viazi. Chukua pia soko lingine moja au mawili ya mitaani ili uone kama bei zinapanda na kushuka pamoja.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji atulie. Bei ya viazi hutolewa kwa mfuko, na mfuko wa viazi Kenya una historia yake. Kwa miaka mingi viazi viliuzwa kwa lumbesa, mfuko ulioongezewa kilemba cha nyavu juu hadi ukapita kilo mia moja kwa mbali; kanuni za viazi za 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa mfuko, lakini utekelezaji wake umekuwa wa kusuasua. Tuseme mfuko wa kilo 50 umeuzwa shilingi 2,500, na lumbesa ya kilo 120 imeuzwa shilingi 4,800. Anayesoma bei ya mfuko peke yake atasema ya pili ni karibu maradufu ya ya kwanza. Anayegawanya kwa kilo ataona ya kwanza ni shilingi 50 na ya pili ni shilingi 40, yaani ile inayoonekana ghali ndiyo rahisi. Mwanafunzi mmoja niliyemsimamia alikuwa na mchoro wenye anguko kubwa la bei katikati ya mfululizo wake, naye alikuwa tayari ameandika kurasa tatu akieleza sababu za kiuchumi. Tulipofuatilia, tuligundua kwamba bei haikuanguka, bali uzito wa mfuko uliorekodiwa ulikuwa umebadilika.

Kwa hiyo, kabla ya kukokotoa lolote, fungua safu mpya ya bei kwa kilo na uhakikishe kila mstari una uzito wake. Mstari usio na uzito uwekwe kando, usiukisie. Kisha kagua mambo mengine matatu. Nafasi iliyo tupu si sifuri: siku ambayo hakuna aliyekwenda sokoni haina bei, na programu ikiigeuza kuwa sifuri, wastani wako wote umeharibika. Bei ileile ikijirudia kwa wiki tatu mfululizo bila kutikisika hata kwa shilingi moja, kuna uwezekano mkubwa kwamba ilinakiliwa, kwa maana bei za Marikiti hubadilika hata kati ya alfajiri na saa nne asubuhi. Na bei inayoruka mara kumi kwa siku moja mara nyingi ni sifuri iliyozidi wakati wa kuandika. Kwa sababu ya kasoro hizi napendelea kutumia bei ya kati ya mwezi, yaani ile inayosimama katikati zinapopangwa kutoka ndogo hadi kubwa, badala ya wastani wa kawaida unaovutwa na kosa moja.

Chanzo cha pili ni KNBS, ambalo hutoa fahirisi ya bei za watumiaji kila mwisho wa mwezi, pamoja na wastani wa bei za bidhaa kadhaa za chakula, viazi vikiwemo. Weka bei hizo kando ya zile za KAMIS. Hazitalingana, na hazitakiwi kulingana, kwa kuwa moja ni ya soko la jumla na nyingine ni ile anayolipa mnunuzi wa mwisho katika sehemu mbalimbali za nchi. Lakini zikielekea pande tofauti kwa miezi mingi, moja ina tatizo. Taarifa hiyohiyo ya KNBS ndiyo itakayokupa kipimo cha mfumuko wa bei, ambacho mwezi wake wa msingi ni Februari 2019 ukiwa sawa na 100. Gawa bei ya kila mwezi kwa fahirisi ya mwezi huo, kisha uzidishe kwa 100, ili shilingi za miaka tofauti ziweze kulinganishwa.

Hatua ya nne: mvua, na mashamba inayoyanyeshea

Rekodi za vituo vya Idara ya Hali ya Hewa ndizo zenye uzito zaidi, kwa kuwa ni maji halisi yaliyopimwa kwenye kipimamvua. Ubaya ni kwamba vituo ni vichache na vina mapengo. Watafiti wengi hujazia kwa CHIRPS, data za mvua zinazotayarishwa katika Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, kwa kuunganisha picha za setilaiti na vipimo vya vituo vya ardhini. Zinaanzia 1981, hazina malipo, na zimegawanya uso wa dunia katika miraba yenye upande wa nyuzi 0.05, ambao katika ikweta ni kama kilomita tano na nusu. Kwa hesabu hiyo, Nyandarua yote inafunikwa na miraba takriban mia moja.

Kosa la kawaida ni kuchukua wastani wa miraba yote mia. Upande wa mashariki wa kaunti umepakana na milima ya Aberdare, na msitu wa huko hupokea mvua ambayo haifiki kwenye mashamba ya Kinangop au Ol Kalou. Hakuna anayelima viazi ndani ya hifadhi ya taifa. Pakua kwanza ramani ya matumizi ya ardhi, iwe ile inayopatikana RCMRD au ile ya WorldCover ya shirika la anga la Ulaya, ambayo ina upimaji wa mita 10 kwa miaka ya 2020 na 2021, kisha ubakize miraba yenye mashamba tu. Kazi hii inafanyika katika programu ya ramani ya QGIS, ambayo nayo ni ya bure, na mtu mwenye subira hujifunza hatua zake kwa siku mbili.

Ukishapata mvua ya kila mwezi, ilinganishe na kituo cha karibu cha Idara ya Hali ya Hewa kwa miaka ambayo kituo kina rekodi kamili. Makadirio ya setilaiti hupata shida zaidi kwenye nyanda za juu zenye milima, na Nyandarua ni nyanda za juu. Tofauti utakayoiona iandike katika ripoti yako.

Jambo la mwisho kuhusu mvua ni ucheleweshaji. Mvua ya Aprili haigusi bei ya Aprili. Kiazi kilichopandwa mwanzo wa masika hufika sokoni Juni au Julai, kwa hiyo linganisha bei ya mwezi na mvua ya miezi miwili, mitatu na minne iliyotangulia, ukijaribu kila mmoja. Usisahau kwamba mvua nyingi kupita kiasi nayo hupandisha bei, kwa sababu barabara za mashambani huwa tope na malori hayatoki.

Hatua ya tano: mavuno na kaya

Kwa picha ya taifa, anza na Taarifa ya Uchumi ambayo KNBS huitoa kila mwaka. Sensa ya Agosti 2019, iliyohesabu watu 47,564,296, iliuliza pia kuhusu kilimo, na majedwali yake ya kaunti yanaonyesha ni kaya ngapi zinalima na zinalima nini. Kwa jumla kaya zilizosema zinajishughulisha na kilimo zilikuwa kama milioni 6.4. Anayetaka kujua kaya zinakula nini na zinatumia kiasi gani aende kwenye uchunguzi wa bajeti za kaya wa 2015/16, uliopanga kuhoji kaya 24,000 katika kipindi cha miezi kumi na miwili. Data zake za kaya mojamoja, zikiwa zimeondolewa utambulisho, zimo katika hifadhi ya KNBS, ambapo unajisajili na kukubali masharti ya matumizi. Kumbuka kutumia safu ya uzani wa sampuli iliyomo ndani ya faili. Kaya za mjini na za kijijini hazikuchaguliwa kwa uwiano sawa na idadi yao, na asiyetumia uzani hutoa majibu ya sampuli akidhani ni ya nchi.

Data za FAOSTAT, za Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, zinarudi nyuma hadi 1961 na ni rahisi sana kupakua, jambo linalowafanya wengi waziamini kupita kiasi. Tazama safu ya alama iliyo kando ya kila namba: A humaanisha takwimu rasmi kutoka nchi husika, E ni makadirio, na I ni namba iliyojazwa kwa hesabu pale ambapo haikuwepo. Mfululizo wenye I nyingi hauwezi kukuambia kwamba mavuno yalipanda mwaka fulani, kwa kuwa huenda hakuna aliyeyapima mwaka huo.

Taarifa za kila mwezi za Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame, NDMA, ni hazina kubwa kwa anayetafiti mifugo, malisho na lishe ya watoto, lakini zinahusu kaunti 23 za maeneo kame na nusu kame, na Nyandarua haimo. Kwa upande wa virutubisho, tumia majedwali ya viambato vya vyakula vya Kenya ya 2018, na pale tu chakula kinapokosekana humo ndipo uende FoodData Central ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, iliyoanza 2019. Sukuma ya Kangemi isipimwe kwa mboga ya Marekani wakati yetu imekwisha kupimwa.

Hatua ya sita: kuunganisha majedwali

Majedwali huungana kwa majina, na majina ndiyo hukosana. Utakuta Murang'a yenye kibainishi na Muranga isiyo nacho, Elgeyo-Marakwet na Elgeyo/Marakwet, Tharaka-Nithi yenye kistari na isiyo nacho, na programu itaziona kama kaunti tofauti bila kukuonya. Dawa ni kutumia namba rasmi za kaunti, kuanzia 1 ya Mombasa hadi 47 ya Nairobi, katika kila faili kabla ya kuyaunganisha.

Mfululizo unaovuka 2013 unahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu kabla ya hapo takwimu zilitolewa kwa mikoa na wilaya. Kaunti 47 zinafuata mipaka ya wilaya zilizokuwepo kisheria mwaka 1992, na wilaya nyingi ziligawanywa baadaye. Kwa hiyo katika data za 2009, kwa mfano, lazima wilaya ndogo zirudishwe ndani ya ile kubwa iliyozizaa. Andika uamuzi huo wilaya kwa wilaya. Fanya vivyo hivyo kwa vizio: mahindi yetu huhesabiwa kwa mifuko ya kilo 90, kwa hiyo tani moja ni mifuko 11.1, na hekta moja ni ekari 2.47.

Hatua ya saba: data usizozipata mtandaoni

Ukikosa kipindi fulani cha bei au rekodi ya kituo, andika barua. Sheria ya 2016 inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, haidai utoe sababu, na haitozi ada ya kuwasilisha ombi. Gharama inayoweza kutozwa ni ile halisi ya kutoa nakala. Ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21, na inaweza kuongeza si zaidi ya siku 14 ikiwa ombi ni kubwa. Barua fupi na mahususi hujibiwa upesi kuliko ndefu:

"Mimi ni raia wa Kenya. Kwa mujibu wa Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, naomba bei za jumla za viazi za kila siku katika soko la Wakulima, Nairobi, kuanzia Januari 2015 hadi Desemba 2024, zikionyesha uzito wa mfuko uliotumika kila siku. Ningependa kuzipokea katika faili la Excel au CSV."

Taja aina ya faili, la sivyo unaweza kupewa kurasa mia mbili za picha zilizochapishwa. Iwapo utanyimwa, una siku 30 za kuomba Tume ya Haki ya Utawala ipitie uamuzi huo. Kwa uzoefu wangu, hata hivyo, afisa wa takwimu aliyefikiwa kwa heshima na kuelezwa kazi yenyewe hutoa msaada mwingi kuliko anavyolazimishwa na sheria, ikiwa ni pamoja na kukueleza mambo ambayo hayajaandikwa popote, kama vile mwezi ambao soko lilihamishwa kwa muda.

Hatua ya nane: hifadhi, leseni na siri za watu

Siku unayopakua faili, weka nakala moja ambayo hutaigusa kamwe, na ufanye kazi kwenye nakala nyingine. Andika tarehe, anwani ya tovuti na vichujio ulivyochagua. Mwanzoni mwa 2025, tovuti ya FEWS NET, mtandao wa tahadhari za njaa ulioanzishwa kwa fedha za Marekani mwaka 1985, ilizimwa baada ya misaada ya nchi hiyo kusitishwa, na kwa miezi kadhaa data zilizozoeleka hazikupatikana hapo. Waliokuwa na nakala waliendelea na kazi.

Soma leseni ya kila chanzo na uitimize, hata kama inachodai ni kutajwa tu. Ukikusudia kuwahoji wakulima au wafanyabiashara ili kujazia data za serikali, pata kwanza leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi, na uzingatie Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019: majina, namba za simu na mahali penyewe pa shamba visitoke nje ya faili lako. Usijaribu pia kubaini kaya iliyomo katika data za KNBS, hata kama unaishi jirani nayo.

Unapomaliza, tuma orodha ya makosa uliyoyaona kwa ofisi iliyotoa data, ukitaja tarehe, soko na namba unayoamini ni sahihi. Tuma pia jedwali lako lililosafishwa kwa ofisi ya kilimo ya kaunti kule Ol Kalou, pamoja na ukurasa mmoja wa Kiswahili unaoeleza kila safu, kwa sababu bei hizo ni za viazi vya watu wao.